Helmi Hainuliwi

Jumapili, 11 Novemba

Theluji ya kwanza ya maana! Inchi saba kufikia saa mbili asubuhi. Nimefurahi kama mjinga.

Baada ya ibada tulienda kunywa kahawa kituo cha zimamoto, kama kawaida. Zimamoto wetu hapa Pelkola wote ni wa kujitolea, na mkuu wao ni shemeji yangu Wes, kaka wa mke wangu Janelle. Leo Wes alikuwa na uso wa msiba. Kila majira ya baridi huwa wanachukua gari bovu, wanalitoa injini na oili, wanaliweka juu ya barafu ya Ziwa Kettle, na mji mzima unabahatisha ni siku gani barafu itakatika na gari lizame. Atakayepatia siku anapewa zawadi, zimamoto wanapata mipira mipya ya maji, gari linavutwa kwa mnyororo, basi. Mwaka huu hawana gari. Pelkola imeishiwa magari mabovu! Nani angeamini?

Wes akachungulia dirishani. Nje alikuwa Helmi, gari langu la Golf nililolishusha springi mpaka karibu liguse ardhi, theluji imemfika kwenye taa. Akasema, "Shemeji, mbona lile limeshaanza kuzama lenyewe?"

Watu wote wakacheka, hata mchungaji. Ningenyamaza yangeisha. Sikunyamaza.

Matokeo yake yameandikwa kwa kalamu nene kwenye mfuniko wa boksi la mkate wa iliki, umebandikwa juu ya birika la kahawa. Nikivutwa kwa kamba mara tatu, Helmi ni mali yao. Nikimwinua hata upana wa kidole, ni mali yao. Na Jumamosi ya tarehe 26 Januari, siku ya sherehe ya katikati ya baridi, saa sita kamili mchana, lazima awe amefika mlangoni pa kituo kwa magurudumu yake mwenyewe. Akifika, Wes atashusha pikapu yake hadi iwe sawa na Helmi, na ataiendesha hivyo mpaka theluji iishe. Kipimo ni pakiti ya sigara. Ikipita chini ya bampa ikiwa imesimama, gari limeinuliwa. Wes aliacha sigara miaka sita iliyopita. Amebaki na pakiti moja, ya kunipimia mimi.

Njiani tulipita dukani. Hapo Janelle akasema: umeweka gari rehani ili usichekwe. Nikasema ndiyo. Akasema basi ungeanza kwa kununua gari jingine.


Alhamisi, 15 Novemba

Siku ya kufungua msimu wa kuwinda kulungu. Kliniki tupu. Mimi napima watu macho — na siku pekee ambayo ningetaka kila mwanamume wa kaunti hii apimwe macho, siku ambayo wote wameshika bunduki, ndiyo siku ambayo haji hata mmoja.

Helmi anakwenda vizuri. Bampa linalainisha theluji, nyuma tunaacha barabara nyororo. Leo kuna mtu alinifuata maili nne nzima bila kunipita. Nilidhani ananidhihaki. Tulipofika njia panda akashusha kioo akanishukuru kwa kumlimia njia.

Bendera nimeshaifunga. Kila mtu huku anafunga kibendera cha rangi ya chungwa kwenye antena, maana kingo za theluji zikishakuwa ndefu kuliko magari, kwenye njia panda unaona bendera kabla ya gari. Wengine antena zinawatosha. Mimi nimetumia fimbo ya kuvulia samaki ya Baba. Bibi mmoja mgonjwa wangu alisema wiki iliyopita aliona bendera inatembea peke yake juu ya ukuta wa theluji, akasali.


Jumanne, 27 Novemba

Kamba ya kwanza.

Greda la kaunti lilipita alfajiri likaacha tuta mdomoni mwa njia ya nyumba yetu. Nilimsikia Janelle nyuma yangu: lichimbe kwanza. Nikasema litapasuka tu. Halikupasuka. Helmi alipanda juu yake kwa tumbo akakaa hapo, magurudumu manne yakizunguka hewani. Injini inanguruma, kila kitu kinafanya kazi, hatuendi popote!

Wes alifika baada ya dakika nne. Kutoka kwake hadi kwetu ni dakika kumi na moja. Sisemi kitu.

Alipokuwa anafunga kamba alisoma kibao kilicho chini ya injini. Hicho alinipa Baba. Baba aliendesha greda la kaunti miaka thelathini na moja, na alipostaafu alipewa vibao chakavu vya barabarani kama kumbukumbu, nami nikakikata kimoja kikawa ngao ya tumbo la Helmi. Kinasema PUNGUZA MWENDO. Wes alicheka mpaka akakaa chini kwenye theluji. "Shemeji," akasema, "hiki nani alitarajiwa akisome? Mawe?"


Jumapili, 9 Desemba

Ukaguzi. Wes alikuja na pakiti yake, akapiga magoti, akaisukuma. Iligonga bampa ikaanguka. Akasema, "Imara." Nikamwambia mbele ya watu, kwa sauti, kwamba baridi ya nne hii Helmi hajainuliwa hata unywele. Hao wengine wenye magari yaliyoshushwa wanayafungia ghalani mwezi wa kumi na kuendesha mikweche hadi Mei, au wanaweka mifuko ya hewa, wanabonyeza kitufe gari linapanda kama ngamia. Hao ni watu wa chini ya daraja, wa ng'ambo ya kusini. Sisi wa huku Juu tunaendesha kile tulichonacho, jinsi kilivyo. Msimamo ni msimamo!

Watu walipiga makofi kidogo.

Sasa ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu.

Springi za Helmi ni za kuzungusha. Kila moja ina pete yenye hesi. Ukiikamata pete kwa spana ya ndoano na kuizungusha, gari linapanda au linashuka. Baridi ya pili, mwezi wa Februari, baada ya kuvunja bampa mara mbili kwa wiki moja, niliingia gereji, nikafunga mlango, nikachukua spana. Nilitaka kumwinua. Vidole vitatu tu, mpaka masika. Pete hazikugeuka. Hata moja. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu imezila zimekuwa kitu kimoja na chuma. Nilining'inia kwenye spana mpaka nikaangusha rafu ya makopo ya rangi.

Siku ya pili mtu aliniuliza mbona siinui. Nikasema: Helmi hainuliwi. Likawa jambo la kusifiwa. Likawa msimamo.

Hata Janelle hajui.


Jumatano, 19 Desemba

Inchi ishirini na mbili usiku kucha. Asubuhi uwanja mweupe tupu, hakuna gari, bendera tu imechomoza. Nilichimba kwa saa mbili chini ya bendera. Niliikuta meza ya pikiniki.

Janelle alikuwa amechukua fimbo jana akaichomeka pale ili lori la gesi lisiigonge meza. Anasema aliniambia. Anasema nilikuwa naongea kuhusu Helmi. Helmi alikuwa hatua sita upande wa kulia. Nilikuwa nimemrushia theluji ya meza yote.


Jumatatu, 24 Desemba

Mkesha wa Krismasi. Kabla ya sauna, bafu letu la mvuke, tunakwendaga makaburini kumwashia Mama mshumaa. Pikapu ya Baba imegoma kuwaka, kwa hiyo akapanda Helmi. Mara ya kwanza! Miaka yote amekuwa akisema hawezi kuonekana ndani ya kitu ambacho angekizika kwa greda bila kujua.

Kuingia aliingia, maana kuingia ni kuanguka tu. Njiani alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Tulipofika kaburini hakuweza kutoka. Magoti yana umri wa miaka sabini na tisa. Nilivuta mikono, akapanda nusu, akarudi. Nikasukuma kwa nyuma, akanitukana. Mwishowe akasema, "Wee Rodney, acha. Nisogeze karibu zaidi."

Njia ya makaburini ilikuwa imelimwa. Nikasogeza. Akashusha kioo, na jiwe la Mama lilikuwa hapo hapo, limelingana naye uso kwa uso. Akalipangusa theluji kwa mkono wa koti. Halafu akamwambia Mama, "Eh. Miaka minne nakuja hapa nakuinamia. Leo ndiyo kwanza tumekaa sawa."

Akamwashia mshumaa bila kutoka garini. Mimi nilijifanya nafuta kioo cha nyuma.

Helmi nilimshusha springi kwenye gereji ya Baba baridi ile Mama alipofariki. Nilihitaji kitu cha kufanya na mikono. Sijawahi kumwambia mtu hivyo, na leo pia sikusema, lakini nadhani Baba anajua. Alipofika nyumbani (tulimtoa mimi na Janelle, kila mmoja na mguu wake) alipiga paa mara mbili kwa kiganja, kama anavyompiga mbwa.


Jumanne, 8 Januari

Kamba ya pili!!

Maegesho ya kliniki. Theluji mbichi na chini yake kuna kitu kigumu, sijui kilikuwa nini, labda theluji ya jana yenye hasira. Helmi alikwama katikati, mbele ya dirisha kubwa la chumba cha kusubiria. Wagonjwa wote walisimama kutazama. Wachache niliokuwa nimewatia dawa ya kupanua mboni, wasioona vizuri, waliomba wasimuliwe.

Wes alikuja na kamba na mpiga picha wa gazeti la kaunti. Mpiga picha! Alisema amempa lifti tu.

"Imebaki moja, shemeji," akasema, akiviringisha kamba polepole, akifurahia. "Tumeshachagua sehemu nzuri ziwani. Ataona machweo."

Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa maili kumi na tano kwa saa. Siku kumi na nane. Maili kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi, na matuta kila mahali. Nitampoteza. Nimeona leo kwa mara ya kwanza kwamba kweli nitampoteza. Nilikaa gereji nikamtazama. Mtu mzima wa miaka arobaini na nne, nimekaa juu ya ndoo.


Ijumaa, 11 Januari

Nimepata! Nimepata!

Barabara bora kuliko zote kaunti hii ni ZIWA.

Barafu ni inchi kumi na nne, lori linapita. Upepo unafagia theluji yote. Wavuvi wameshachomeka miti yao ya Krismasi ya mwezi uliopita kuonyesha njia, kutoka upande wetu moja kwa moja hadi nyuma ya kliniki. Hakuna tuta. Hakuna shimo. Hakuna greda! Ni bapa kama sakafu ya kanisa. Nilivuka leo asubuhi kwa dakika tisa, dirisha wazi, naimba. Gari lililoshushwa liliumbwa kwa ajili ya ziwa lililoganda, na miaka minne nimekuwa nikilipigisha kwenye matuta kama punguani.

Baba yuko kibandani kwake katikati ya ziwa kila siku, anavua kupitia tundu kwenye barafu. Nilipopita nilipiga honi. Alitoka na kijiko mkononi akasimama mlangoni mpaka nikafika ng'ambo.

Jioni alipiga simu. Alisema: wanataka kukuwekea gari ziwani, na wewe ili wasikuwekee, unaliweka mwenyewe kila siku mara mbili. Nikasema ndiyo. Akasema anataka tu kuhakikisha ameelewa.


Jumapili, 20 Januari

Wes amelalamika rasmi. Alisimama mbele ya mfuniko wa boksi, akausoma mara tatu kwa sauti. Hakuna mahali panaposema ziwa limekatazwa. Mchungaji alikubali. Wes akasema mtu anayemkimbia simba akajificha mdomoni mwa simba amwombe Mungu. Alipima. Pakiti ilianguka.

Halafu nikamkuta nje amechuchumaa kando ya pikapu yake mwenyewe, anatazama chini yake. Alikuwa anapima kwa macho. Ana wasiwasi! Siku sita!


Alhamisi, 24 Januari

Sijui nianzie wapi.

Juzi ilianguka theluji nzito, ya majimaji. Leo njia ya miti ya Krismasi ilikuwa safi, wameilima. Saa saba nikitoka kazini nilipita karibu na kibanda, na Baba akanipungia: njoo, mkate wa nyama uko moto. Nikaacha njia. Nikaegesha ubavuni mwa kibanda, kwenye theluji laini, nimekata usukani kushoto.

Tulikula. Tulibishana mkate huo uliwe na sosi ya nyanya au na mchuzi, kama tunavyobishana tangu nizaliwe. Baba alipata samaki wawili. Nilikaa kwa saa tatu, sijui kwa nini, ilikuwa raha tu. Nje joto lilikuwa linaanguka, kutoka ishirini juu ya sifuri ya Fahrenheit hadi kumi na mbili chini yake.

Kila mtoto wa hapa anajua: theluji nzito inaikandamiza barafu, maji yanapanda kwa nyufa, yanajificha chini ya theluji kama uji. Kila mtoto anajua usiegeshe hapo. Ukiegesha, utakuta matairi yameganda, utapiga shoka kidogo, utaondoka. Lakini gari la mtoto huyo lina nafasi chini. La kwangu halina. Uji ulipanda ukamfika Helmi tumboni, tumbo lote, kuanzia bampa hadi ekzosi, halafu ukaganda.

Niliwasha. Nikakanyaga. Hakutikisika hata kidogo. Sijakwama — ameungwa na ziwa. Helmi na Ziwa Kettle sasa ni kitu kimoja.

Baba alizunguka gari mara moja. Alisema, "Samaki ndio wanakisoma kile kibao sasa."

Nilitembea nyumbani. Sijala chakula cha jioni.


Ijumaa, 25 Januari

Mji mzima umejua. Nilipofika asubuhi kulikuwa na watu kama ishirini wamemzunguka Helmi na vikombe vya kahawa. Wawili walikuwa tayari wanabishana atazama lini: mmoja tarehe 19 Aprili, mwingine anasema mapema, kwa sababu injini iko ndani.

Wes alikuja na kamba begani. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alinivuta pembeni.

"Shemeji, sema tu. Nitamvuta sasa hivi. Tutakata barafu, tutamtoa mzima."

"Hiyo ni kamba ya tatu."

"Ndiyo ya tatu."

"Halafu utamfanya nini?"

Akajikuna. "Halafu... nitamrudisha hapa."

Tukatazamana. Yeye pia aliona ujinga wake. Akasema sheria si yake peke yake, imeandikwa, na mchungaji ameikubali.

Kwa hiyo ni hivi. Nikikubali kamba, namkosa. Nikimwacha hapa, kesho saa sita hatakuwa mlangoni pa kituo, namkosa. Nikimwinua ataachana na barafu, lakini nimemwinua, namkosa. Njia tatu, zote zinafika hapo hapo alipo sasa.

Nimechukua shoka mwenyewe, tangu saa nne hadi saa tisa. Pembeni barafu inakatika, lakini chini ya tumbo shoka halifiki. Chini yake hapafiki hata mkono. Nimetengeneza gari ambalo chini yake hapafiki mkono, nikajisifu miaka minne.

Janelle alikuja na chai. Alinishikisha kikombe. Halafu akaniambia, bila ukali: mwinue. Zungusha hizo pete zako, vidole viwili tu. Sheria ni ya Wes, Wes ni kaka yangu, mimi nitaongea naye. Heri gari lililoinuliwa kuliko gari lililozama.

Nikasema, "Helmi hainuliwi."

"Rodney. Hapa hakuna watu wa kukupigia makofi."

Nikasema ni msimamo. Akaniangalia kama ananipima macho mimi. Akaondoka. Alikuwa analia au ni upepo, sijui. Nimeona aibu hadi kwenye meno. Ningemwambia ni kutu tu! Neno dogo. Halikutoka.

Baba alikuwa amekaa juu ya ndoo mlangoni pa kibanda, anasafisha samaki. Hakuinua kichwa. Akasema, "Hazizunguki, eh?"

Nikalitua shoka.

"Miaka thelathini na moja," akasema. "Chumvi yote iliyomwagwa kwenye zile barabara niliimwaga mimi. Najua ilichofanya kwa kila nati ya kaunti hii." Akafuta kisu. "Kesho njoo mapema. Nina birika. Nina oili ya kulainisha."

Nikamwambia hata zikigeuka haitasaidia, nitakuwa nimemwinua. Akasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini hakuna aliyesema lazima uyaoge yakiwa baridi.


Jumamosi, 26 Januari

Saa nne na nusu asubuhi. Naandika ndani ya Helmi. Wino umeganda, natumia penseli ya kliniki.

Ngoma za sherehe zinasikika kutoka mjini. Wamevaa ngozi za dubu, wanaandamana. Wanasema leo ndiyo siku dubu aliyelala baridi nzima anageuka upande wa pili pangoni, baridi imefika nusu. Wote wako huko. Ziwani tuko watatu tu. Janelle alikuja na sisi. Alibeba chupa ya kahawa tu. Sasa yuko kibandani anaota moto.

Baba amemwaga birika la kwanza nyuma ya gurudumu la mbele kushoto. Nilikata usukani nilipoegesha, kwa hiyo hapo tu ndipo mkono unapita. Oili juu. Birika la pili liko jikoni.

Sitarajii kitu. Nataka Janelle aone nimejaribu. Nataka anione nimening'inia kwenye spana, nimeshindwa, halafu nimwambie yote kuhusu ile Februari. Nimeshapanga maneno. Ni rahisi zaidi kukiri ukiwa umelala chini.


Saa tano na dakika kumi.

Birika la pili. Nililala ubavu kwenye barafu, nikapenyeza mkono, spana ikaikamata pete. Nikavuta. Hakuna. Nikapiga kwa kiganja. Hakuna. Nikapiga tena, na kitu kikalia tik. Nilidhani spana imeteleza. Nikaikamata upya.

Imegeuka.

Robo mzunguko. Pete yenyewe, mwenyewe nimeigusa kwa kidole, ilikuwa na uzi mpya wa chuma cheupe juu yake. Na chini ya tumbo la Helmi, karibu na sikio langu, barafu ikavunjika kidogo, kama biskuti.

Hakuna aliyeona. Janelle alikuwa ndani. Baba alikuwa amenipa mgongo, anatazama mjini kwa bidii sana, mtu ambaye hapendi sherehe.

Nimeingia garini nikafunga mlango.

Hesabu ni hii. Pembe hii ikipanda, mkono utapita kwenye pembe inayofuata, na zile pete tatu nazo zitakubali. Robo saa zote nne, ataachana na barafu. Dakika tano kumalizia kuvuka. Nyuma ya miti ya mwisho ya Krismasi nasimama, nazirudisha chini, dakika kumi. Saa sita Wes anasukuma pakiti yake, inaanguka, anasema imara. Watu wanapiga makofi. Pikapu inashushwa. Hakuna atakayejua maisha yote!

Au namwacha hapa, kama nilivyosema miaka minne. Hainuliwi. Ilikuwa rahisi kusema. Kutu ndiyo iliyokuwa imemshika, mimi nilikuwa nasimama pembeni tu nachukua sifa.

Saa tano na dakika kumi na sita.

Janelle anagonga kioo. Kioo kimeganda, hakishuki. Nasoma midomo: inageuka? Nyuma yake Baba amesimama na birika la tatu, linatoa moshi, ananiuliza kwa nyusi amwage au asimwage.

Nimewaonyesha penseli: ngojeni, namalizia.

Nimeshamaliza. Naandika Helmi, Helmi, Helmi, Helmi, ili mkono uonekane una kazi